Picha za Jamaa Katika Fremu Moja

Leo nataka kunena nanyi juu ya jambo la nyumbani ambalo watu wengi hulifanya kwa haraka, na wengine hawalifanyi kabisa: yaani jinsi ya kuchagua picha za jamaa, kuzipanga vizuri, na kuzitia katika fremu moja ya kutundikwa ukutani. Yamkini mtu atasema, "Je, hilo nalo lahitaji mwalimu? Si kubandika tu?" Nami zamani nalisema vivyo hivyo. Ndiyo sababu nitaanza kwa kuwaeleza kosa langu mwenyewe, kisha nitawaonyesha njia iliyo njema.

Kwetu ni Tunduma, mji wa mpakani katika mkoa wa Songwe, mkoa uliotengwa na ule wa Mbeya mwaka 2016. Ukisimama mjini kwetu waziona nyumba za Nakonde, nazo zimo katika nchi ya Zambia. Mpaka huo si sisi tulioupanga. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya jinsi ya kugawana nchi, na mstari wao ukapita katikati ya Wanyamwanga, wengine wakawa huku na wengine huko. Hata leo yuko mtu alalaye Tanzania ilhali makaburi ya babu zake yako Zambia. Basi na picha za jamaa zetu zimetawanyika vivyo hivyo: moja iko kwa shangazi ng'ambo ya mpaka, nyingine imo ndani ya sanduku la bati huko Mbozi penye mashamba ya kahawa, na nyingine zimo katika simu za vijana walio Mbeya na Dar es Salaam. Hakuna mahali pamoja ambapo mtoto aweza kusimama na kuwaona watu wake wote.

Baba yangu alifariki mwaka 2018. Katika siku za matanga ndugu zangu wakaniambia, "Wewe ndiwe mwalimu, mikono yako imezoea karatasi na mkasi. Tutengenezee picha ya ukoo, tuitundike sebuleni kabla wageni hawajaondoka." Nikafurahi kwa kupewa heshima hiyo. Nikakusanya picha kumi na moja, nikanunua gundi kali, nikafunga mlango nikafanya kazi usiku mmoja.

Katika picha hizo, iliyo bora kupita zote ilikuwa ya babu. Babu alikuwa mmoja wa wanaume wengi wa nchi yetu waliokwenda kutafuta kazi katika migodi ya shaba, huko Kitwe, nchi iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini, ambayo tangu mwaka 1964 ni Zambia. Alipigwa picha hiyo katika studio. Ameketi juu ya kiti, amevaa koti na tai, na bibi amesimama kuume kwake. Kushotoni alisimama mtoto wa kike, miguu mitupu, ameweka mkono wake juu ya mkono wa babu. Nalimtazama mtoto yule nisimjue. Nikadhani ni mtoto wa jirani. Tena alikuwa ameiharibu duara niliyoitaka, maana nalikuwa nimeamua kuikata picha ile iwe ya mviringo, ipendeze. Basi nikashika mkasi nikamkata. Vipande vyote nikavizoa, na asubuhi vikatupwa jikoni motoni.

Siku ya pili akaja shangazi yangu kutoka Nakonde, dada mkubwa wa baba, mama mzee aliyekwisha kupita miaka sabini. Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Tukampeleka sebuleni kuiona fremu. Akaitazama muda mrefu, akaisogelea karibu, akagusa kioo kwa kidole. Kisha akaniuliza kwa sauti ya taratibu, "Mwanangu, na mimi niko wapi?"

Nikamwonyesha picha yake moja ndogo, iliyopigwa kanisani. Akatikisa kichwa. "Sisemi hiyo. Nasema hapa kwa baba. Siku ile baba alininunulia gauni, akaniambia nimshike mkono nisiogope taa. Hiyo ndiyo picha pekee niliyopigwa pamoja na baba yangu."

Ndugu zangu, sikuwa na neno la kujibu. Wageni walipoondoka niliifungua fremu, nikaibandua picha ile kwa shida. Nyuma yake palikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wa babu mwenyewe. Mkasi wangu ulikuwa umeyakata katikati. Limebaki neno "Kitwe", na herufi mbili za kwanza za jina la shangazi. Nalikuwa nimeishika picha hiyo usiku kucha nisiigeuze hata mara moja. Wahenga walisema kweli, majuto ni mjukuu.

Basi kutokana na hayo nalijifunza kwamba fremu ya picha za jamaa si pambo la ukuta tu. Ni orodha ya watu wa nyumba, na mwenye mkasi ndiye amwambiaye mtoto wa kesho, "Huyu ni wako, na huyu si wako." Kwa hiyo kazi hii ina utaratibu wake, nami nitawatajia hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuuliza, wala si kukata. Chukueni daftari, mwende kwa wazee wenu, mkaketi nao. Msiwaulize, "Huyu ni nani?" tu, bali ulizeni, "Hapa ni wapi? Mwaka gani? Nani hayumo, na kwa nini?" Mzee akishika picha mkononi hukumbuka mambo ambayo hakuyanena miaka mingi. Kisha andikeni nyuma ya picha kwa penseli laini, pembeni, pasipo kukandamiza, huku picha imelazwa juu ya kitu kigumu kilicho safi. Msitumie kalamu ya wino, maana wino hupenya au huhamia juu ya uso wa picha nyingine. Picha nyingine za rangi mgongo wake ni laini kama nailoni, hazishiki penseli. Hizo ziandikieni bahasha yake. Mambo ya kuandika ni manne: majina ya watu kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, mwaka, na jina la mzee aliyewapa habari hiyo. Hilo la nne wengi hulisahau, nalo lafaa sana, kwa kuwa siku wazee wawili wakitofautiana mtajua kila neno limetoka kwa nani.

Hatua ya pili ni kutoa nakala. Tangu picha zilipoanza, jambo la nakala limekuwa jambo kubwa. Mwaka 1839 Mfaransa Louis Daguerre alitangaziwa sifa duniani kwa ufundi wake wa kupiga picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Picha zake zilikuwa nzuri ajabu, lakini kila moja ilikuwa peke yake, ikipotea, imepotea. Mwingereza William Henry Fox Talbot yeye alipata njia ya kufanya picha moja ya asili, ambayo kwayo nakala nyingi huweza kutolewa, na njia hiyo ndiyo iliyoenea. Basi picha ya zamani ambayo filamu yake haipatikani tena imekuwa kama ile ya Daguerre: hakuna ya pili. Yatupasa tuifanyie ya pili kabla hatujaigusa kwa gundi wala kwa mkasi.

Siku hizi jambo hili si gumu. Katika miji yetu, Tunduma na Vwawa na Mlowo, yako maduka ya kusafisha picha. Fundi akiwa na mashine ya kuskani, mwambieni anakili kwa nukta 600 kwa kila inchi, hasa kama picha ni ndogo. Kama hapana mashine, simu njema yatosha. Ilazeni picha juu ya meza karibu na mlango, mahali penye mwanga mwingi lakini jua lisipoingia. Simu iwe sambamba na picha, isiiname upande. Wala msiwashe taa ya simu, maana itang'aa juu ya uso wa picha na kufuta nyuso za watu. Kisha nakala ndiyo iingie katika fremu. Ile ya asili ivikwe bahasha ya karatasi nyeupe, iwekwe katika sanduku kavu, mbali na sakafu yenye mchwa, na mbali na dari yenye joto la mabati. Hapo hata fremu ikianguka na kioo kikavunjika, kilichoharibika ni nakala.

Hatua ya tatu ni kuchagua. Hapa ndipo ugomvi huzaliwa, kwa hiyo mwenye kazi hii na awe na haki. Kwanza, msitie picha nyingi mno. Fremu yenye picha thelathini ni kama baraza ambamo watu wote wanasema pamoja, hakuna asikiwaye. Nane au kumi zatosha. Pili, kama babu alikuwa na wake wawili, kila nyumba ipate nafasi yake, na ukubwa wa picha uwe mmoja. Mtoto wa nyumba ndogo akiona mama yake ametiwa pembeni kama kidoti, ataumia moyoni hata kama hatasema. Tatu, waulizeni walio hai kama wanapenda kutundikwa. Wako watu ambao dini yao haipendi sanamu za watu ukutani, na wako ambao hawataki kuona kila siku uso wa marehemu mpaka huzuni ipungue. Heshima ni kuuliza kwanza.

Nne, wakumbukeni wasio na picha. Bibi mzaa baba yake babu hakupigwa picha maisha yake yote, na wengi wetu tuna mtu kama huyo. Msimwache kwa sababu hiyo. Kateni karatasi nene nyeupe, kipimo kile kile cha picha nyingine, mkaandike katikati jina lake kwa mwandiko mzuri, na kijiji alikozaliwa. Mtundikeni pamoja na wenzake. Mtoto akiona jina mahali pa uso, atauliza.

Sasa twende kwenye kupanga. Nitawapa vipimo vya fremu moja iliyotufaa sisi. Wanafunzi na wachukue penseli.

Twaeni ubao mwembamba wa plaiwudi au hadibodi, upana sentimeta 61, kimo sentimeta 47. Picha ya kati, ya wazee wenye ukoo, iwe na upana wa sentimeta 15 na kimo cha 20. Picha nyingine zote ziwe za kulala, upana 15 na kimo 10, kipimo ambacho kila duka la picha linakijua. Pangeni safu tatu za kusimama. Safu ya kushoto ina picha tatu za kulala, moja juu ya mwenziwe, na kati yake nafasi ya sentimeta 2. Safu ya kulia vivyo hivyo. Safu ya katikati ina picha ya wazee juu, na picha moja ya kulala chini yake, na kati ya hizo mbili nafasi ya sentimeta 4. Hapo ndipo pa kuandika jina la ukoo. Kati ya safu na safu acheni sentimeta 2. Mkijumlisha mtaona kwamba picha zote pamoja zimechukua upana wa sentimeta 49 na kimo cha 34. Zinabaki sentimeta 6 kila upande, 6 juu, na 7 chini. Chini huongezwa kidogo kwa makusudi, maana jicho la mtu huona picha iliyo katikati sawasawa kana kwamba imeporomoka.

Na kama picha imepigwa ya kusimama? Isafisheni ndogo, kimo 10 na upana sita na nusu. Mbili za namna hiyo, zikiwekwa sentimeta 2 kati yake, zinaingia kamili mahali pa picha moja ya kulala. Kwa njia hiyo fremu ya nafasi nane yaweza kuchukua picha kumi bila kusongamana.

Kabla ya kushikiza kitu chochote, pangeni picha zote juu ya ubao, mziache hivyo usiku mmoja, mkaziangalie tena asubuhi. Tazameni mambo mawili. La kwanza ni nyuso. Mtu aliyegeukia kulia awekwe upande wa kushoto, na aliyegeukia kushoto awekwe upande wa kulia, ili wote waelekee ndani, kama watu wanaoota moto pamoja. Wakigeukia nje, fremu huonekana kama jamaa waliogombana. La pili ni rangi. Picha nyeusi na nyeupe zikichanganywa ovyo na za rangi, humezwa. Zitieni pamoja katika safu ya katikati, na za rangi zikae pande zote mbili. Kwa kufanya hivyo mpangilio wenyewe hueleza habari, kwa kuwa wazee wako kati na watoto na wajukuu wamewazunguka.

Ufundi wa kupanga picha si mgeni katika nchi zetu. Unguja, mtaa wa Shangani, studio iitwayo Capital Art ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na picha zake nyeusi na nyeupe za watu na mitaa ya mji zimekuwa hazina ya visiwa hivyo. Huko Lamu, pwani ya Kenya, Omar Said Bakor aliyekuwa na studio yake alijulikana kwa kukata picha za watu na kuziunganisha upya, sura ya mtu ikatokea katikati ya ua au ya kitu kingine kisichotazamiwa. Watu walimpenda kwa ufundi huo. Lakini angalieni tofauti: mpiga picha mwenye filamu yake, akikata nakala moja, huenda akatoa nyingine. Bakor alikata kilichoweza kurudishwa. Mimi nalikata kisichorudishwa.

Sasa, kushikiza. Karatasi ngumu ya maboksi isiguse picha, maana imetengenezwa kwa miti yenye asidi, nayo baada ya miaka hugeuka rangi ya hudhurungi na kuichafua picha. Ufunikeni ubao kwa kitambaa cheupe cha pamba, marekani hasa, kilichofuliwa mara mbili ili nishaa yote itoke, mkakivute vizuri na kukikaza kwa nyuma. Kitenge chenye maua makubwa msikitumie. Chapendeza mwilini, lakini hapa kitashindana na nyuso. Wala msipake gundi. Kunjeni vipande vidogo vya karatasi nyeupe viwe pembe tatu, kama vifuko, mchomeke kila pembe ya picha ndani ya kifuko chake, kisha gundi ipakwe kwenye vifuko tu. Hivyo picha hukaa imara, na siku ya haja hutolewa bila kuchanika. Uji wa unga wa ngano hushika vizuri, lakini mende hupenda kuula, kwa hiyo utumieni kidogo sana.

Fundi seremala atawafanyia fremu ya mninga ikiwa mwaweza gharama yake, au ya msonobari uliokauka. Mwambieni jambo moja wasilolikumbuka mafundi wengi: kioo kisiguse picha. Atie ufito mwembamba, milimeta 3 au 4, kuzunguka pande zote nne kati ya kioo na ubao. Mbozi na Ileje ni nchi ya baridi na ukungu, na mvua zetu hunyesha tangu Novemba hata Aprili. Unyevu ukiingia, uso wa picha hulainika na kunata kwenye kioo, na ukija kuibandua, sura ya mtu hubaki juu ya kioo. Nyuma ya fremu pazibwe vizuri kwa karatasi ili vumbi na wadudu wasiingie.

Mwisho ni kutundika. Msiitundike fremu mkabala wa dirisha lipitishalo jua, wala karibu na jiko la kuni, wala juu ya ukuta unaopigwa na mvua kwa nje. Picha nyeusi na nyeupe za zamani zimefanywa kwa fedha, nazo huvumilia miaka mingi zikitunzwa. Bali picha za rangi zimefanywa kwa dawa za rangi, na dawa hizo hupauka kwa mwanga na joto. Ndiyo maana picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu. Tieni vipande viwili vidogo vya mbao nyuma ya pembe za chini, ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Nayo itundikwe mahali ambapo mtoto wa miaka saba akisimama aweza kuona nyuso. Watu wengi huitundika juu karibu na dari, kana kwamba picha ni za popo.

Sasa mtataka kujua fremu yetu ilikuwaje. Nalikwenda Nakonde kwa shangazi, nikamwomba radhi mbele ya watoto wake. Tukatafuta kwa jamaa wote, huku na ng'ambo, kama yuko mwenye nakala nyingine ya picha ile ya Kitwe. Hatukupata. Basi tukakaa kitako, shangazi na ndugu zangu na mimi, tukaipanga fremu upya kwa vipimo nilivyowatajia. Safari hii mlango haukufungwa, na kila mtu alisema neno lake. Baba mkubwa akaleta picha aliyopigwa kijana, wakati wa kujengwa reli ya TAZARA, kati ya mwaka 1970 na 1975, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Binamu wa Nakonde akaleta ya harusi. Bibi mzaa baba yake babu akapata karatasi yake yenye jina.

Mimi nalitaka kuiondoa picha ya babu niliyoiharibu, kwa haya. Shangazi akakataa. Akasema, "Mwanangu, itazame vizuri. Hukunimaliza." Nikatazama. Mkasi ulikuwa umepita katika mkono wa yule mtoto, na juu ya koti la babu vilikuwa vimebaki vidole vinne. Basi nakala ya picha hiyo ikawekwa katikati kama ilivyo, na ile ya asili imo bahashani. Karibu yake, mwanzo wa safu ya kulia, tukaweka picha mpya ya shangazi mwenyewe, ameketi, amegeukia kushoto, upande aliko baba yake. Nyuma ya picha zote mbili tumeandika kwa penseli habari yote, na jina la aliyetueleza.

Watoto wetu wakiingia sebuleni huuliza, "Vidole hivi ni vya nani?" Mtu huwaonyesha shangazi, kisha huwaambia habari ya Kitwe, na ya gauni, na ya taa iliyomtisha. Wakiuliza nani aliyemkata, huwaambiwa pia.

Basi, rafiki zangu, Jumamosi hii msianze kwa mkasi, wala kwa seremala. Anzeni kwa daftari. Mwendeeni mzee wa kwenu akiwa yu hai na akili zake timamu, mpelekeeni picha mlizo nazo, mzigeuze moja moja mtazame nyuma. Kuuliza si ujinga, na mzee mliyemwahirisha leo huenda kesho msimkute.

Kwaherini.